Kijana kapata nafasi ya programu ya muziki Boston mwezi wa saba, ila akiwekewa nota mpya anakwama. Shida ni nini?

AntiWaWalukuba
Habarini wanajukwaa. Mtoto wa dada yangu yuko S5, sekondari mwaka wa tano, hapa Jinja, ana miaka 17, anapiga kinanda kanisani tangu yuko praimari na adungu, kile kinubi cha kwetu, anapiga pia. Alituma video, wakamjibu amekubaliwa ile programu ya wiki 5 ya vijana pale chuo cha muziki cha Berklee, Boston, na kanisa limekubali kubeba sehemu kubwa ya gharama. Sasa barua inasema mkifika mnapimwa kwanza, kusoma nota, sikio, nadharia, ndipo mnagawanywa madarasa na bendi. Juzi mwalimu mmoja akamwekea karatasi ambayo hajawahi kuiona, wimbo mwepesi tu, jamani mtoto alikwama utadhani kinanda kakiona siku hiyo. Mwalimu akaupiga mara moja, kijana akaurudia wote mikono miwili na akaongeza mapambo yake juu! Mimi si mtu wa muziki. Nielezeni hii ni kitu gani na miezi hii iliyobaki tufanye nini. Mambo ya viza na mizigo pia kwa anayejua.

KinandaBoy256
Hongera anti. Shida naijua, ni transpozi. Vinanda vyetu vya kanisani vina kile kitufe, kwaya ikipandisha sauti wewe unabonyeza tu, vidole vinabaki palepale kwenye C. Mtoto anakua miaka yote anapiga ki moja, yaani ngazi moja ya sauti, anajiona anapiga zote. Karatasi ikija na flati tatu pale mwanzo, vidole vyake havijawahi kwenda huko. Fanya jaribio: zima transpozi, mwambie apige wimbo wowote anaoujua kwenye E flati. Uje utuambie.

MwlSolfa_Mbale
Si transpozi peke yake. Hawa watoto wamefundishwa solfa, nota za herufi za do re mi, tena nusunusu. Praimari wanaimba kwaya ya mashindano, mwalimu anaandika ubaoni d r m, wanakariri, wanashinda kikombe, imeisha. Sekondari muziki ni somo la wachache, shule nyingi hazina kabisa. Kwa hiyo mtoto mistari mitano anaiona kwenye kalenda ya kanisa kama pambo. Hajawahi kuitumia kupata sauti. Huwezi kusoma maandishi ambayo hujafundishwa, hata uwe na akili gani.

Mzee_wa_Bendi
Nimepiga tarumbeta bendi ya polisi mpaka nikastaafu. Tulikuja pale tukiwa hatujui hata nota moja, tumetoka Gulu, Mbarara, Soroti, kila mtu na lugha yake, amri ni kwa Kiswahili, na baada ya muda kila mtu alisoma. Kwa sababu gani? Kwa sababu chombo tulinyimwa kwanza. Tulipiga makofi na miguu, nota nyeusi, nyeupe, pumziko, mpaka mwili unajua. Shida ya vijana ni mdundo, si sauti. Na shida ya pili ni kusimama. Anakosea moja, anarudi kuisahihisha, wenzake wameshafika mstari wa nne. Nota iliyopita ni stage iliyopita, taxi hairudi nyuma kumchukua abiria mmoja. Huyo kijana mwambie akikosea aendelee mbele hata kama anasikia aibu.

nyabo_Kisaasi
Mzee taxi za Kampala zinarudi nyuma sana tu hata barabara kuu 😂

Mzee_wa_Bendi
Ndiyo maana kuna jamu.

FundiWaNebbi
Mimi natengeneza adungu. Anti, mwambie kijana adungu asiiache nyumbani, ndiyo itakayomtofautisha huko, wapiga kinanda wako elfu. Na nina wazo tofauti na hao wote: sikio lake limepangwa na vyombo vya kwetu. Mtu akikulia kwenye amadinda, ile marimba ya mbao ya Buganda ya sauti tano, zile sauti zimeachana karibu sawasawa, hakuna ki ya piano inayolingana nazo. Sasa unamletea karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya piano, macho yanasema hivi na sikio linasema vile.

MwlSolfa_Mbale
@FundiWaNebbi lakini wewe mwenyewe adungu unazouza kwa makanisa unazipanga do re mi fa so la ti do. Na huyu mtoto ni wa kinanda. Sikio lake liko kwenye piano tangu utotoni.

FundiWaNebbi
Nazipanga hivyo kwa sababu wateja wanataka hivyo. Nikipanga ya kizamani nani atanunua.

Amadinda_Addict
Fundi yuko karibu ila mimi ningesema ni mdundo na si upangaji. Amadinda ina mbao 12, mmoja anaanza, omunazi, wa pili omwawuzi anaingia katikati ya mapigo ya mwenzake, wa tatu anachukua zile mbili za juu. Kila mmoja anasikia "moja" yake mahali pake, hakuna "moja" ya wote. Watu wa kwetu wanajua kuingiliana hivi kabla hawajajua kusoma. Karatasi ya Kizungu inakuja na ukuta, ule mstari wa bari, kila baada ya mapigo matatu au manne, na "moja" ni ya lazima. Ndiyo maana mtu anacheza vizuri akisikia na anapotea akihesabu. Embaire, marimba ya Busoga, ni hivyohivyo, na mtoto yuko Jinja.

KinandaBoy256
Kijana anapiga nyimbo za kusifu kwa kinanda chenye mdundo wa mashine @Amadinda_Addict, hiyo mashine ina "moja" kubwa kuliko nyumba. Mnampa utamaduni ambao labda hata hajakaa nao.

mama_wa_watatu
Samahani naingilia, mmempima macho? Nauliza kwa sababu binti yangu alikuwa anapiga violini, akaambiwa mvivu, hasomi, anakariri. Shule hiyo siitaji. Kumbe mstari wa pili na wa tatu alikuwa anaviona vimeshikana. Alipopata miwani hakukuwa na hadithi tena. Karatasi ya nota iko mbali kuliko kitabu, inakaa ule umbali wa mkono hivi, mtoto anaweza kusoma kitabu vizuri na nota asizione.

AntiWaWalukuba
Asanteni sana wote. @mama_wa_watatu hilo halikunijia kabisa, nitampeleka. Na @KinandaBoy256 jioni ya leo tunafanya jaribio lako.

Aliyefika_Boylston
Niliwahi kupita programu ya aina hiyo hapo Boston nikiwa mdogo, kwa hiyo nirekebishe hofu kidogo. Ule upimaji wa siku za mwanzo haukurudishi nyumbani. Ni wa kupanga makundi. Ukisoma kidogo unawekwa na wanaosoma kidogo, unafundishwa kuanzia hapo. Hasara yake ni kwamba bendi nyingine zinataka wasomaji, kwa hiyo kama kijana anaweza kupanda daraja moja kabla hajafika, atapiga na watu wanaomzidi, na faida ya kwenda kule iko hapo. Mkono wake na sikio lake wataviona, msiogope.

Na MwlSolfa usiitupe solfa! Berklee mafunzo ya sikio wanatumia do inayohama, yaani do ni nyumbani kwa ki yoyote, sawasawa na solfa ya kwaya zetu. Wanafunzi kutoka nchi nyingine ambao kwao do ni C daima ndio walikuwa wanatoka jasho. Mimi niliyetoka kwaya ya shule nilikaa nimetulia. Kuna mtego mmoja tu: ki za maina, zile zenye sauti ya huzuni. Sisi tunaanza maina kwenye la, la ti do re mi. Wao wanaanza kwenye do palepale na kushusha sauti tatu: do re me fa sol le te. Wiki ya kwanza nilikuwa naimba majina yote sivyo na sauti zote ndivyo. Mwambie aanze kuizoea sasa, na zile za katikati pia, di ri fi si li ukipanda, te le se me ra ukishuka.

MwlSolfa_Mbale
Nilisema mimi! Solfa ni mali. John Curwen aliibuni Uingereza karne ya 19 kwa ajili ya watu wa kawaida na watoto wa Sunday school, wamisionari wakaja nayo, na mpaka leo kwaya nzima ya kijiji inaimba sauti nne bila piano.

Amadinda_Addict
Dakika mbili zilizopita solfa ndiyo iliyomharibu mtoto 😂 Halafu Curwen hakuibuni. Mwanamke mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeanza nayo, Curwen akaichukua, akairekebisha, akaisambaza. Mpeni mama haki yake.

MwlSolfa_Mbale
Nilisema imefundishwa NUSUNUSU. Soma vizuri ssebo. Na msambazaji ndiye aliyetufikia sisi.

Mama_Grade8
Mnazunguka. Kijana aandikishwe ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, afanye nadharia ya grade 5, kwisha. Hiyo inamlazimisha kujua ki zote, vipindi, funguo zote mbili. Bila hiyo hata grade 6 ya chombo huruhusiwi. Wanangu wote wamepita huko Kampala na wanasoma.

KinandaBoy256
Wanasoma au wamekariri? Namaanisha kwa heshima mama. Nimefundisha watoto wa mitihani hiyo, mwaka mzima vipande vitatu, mwaka mzima! Wanapiga vile vitatu kama malaika, ukifungua ukurasa wa nne wa kitabu hichohicho wanakuangalia.

Mama_Grade8
Kusoma papo hapo ni sehemu ya mtihani.

Aliyefika_Boylston
Inategemea mtihani gani. Tangu 2020 ABRSM wana njia nyingine, ya kurekodi video vipande vinne, hiyo haina skeli wala sikio wala kusoma papo hapo. Mtu anaweza kuwa na cheti cha grade kubwa na hajawahi kupimwa kusoma. Ya zamani ya mbele ya mtahini bado ipo na ina vyote. Na nadharia ya grade 5 si mlango pekee wa kufika 6, grade 5 ya jazi au ile ya practical musicianship nazo zinakubaliwa. Ila nakubaliana na mama kwamba kitabu cha nadharia akisome hata bila mtihani. Kufahamu kwa nini nota iko pale inafanya jicho lisihangaike.

Hajji_Bombo
Mnaongea nota, hakuna aliyeuliza la maana. Mwezi wa saba ni katikati ya teremu ya pili. Hedimasta anajua?

AntiWaWalukuba
Bado hajaambiwa rasmi Hajji.

Hajji_Bombo
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Teremu inaanza mwisho wa mwezi wa tano inaenda mpaka wa nane, yeye atakosa kipande chote cha katikati. Kwa bahati yuko S5. Angekuwa S4 au S6 ningewaambia msahau, mitihani ya taifa ya UNEB mwisho wa mwaka na mocki ziko hapohapo. Andikeni barua mapema, mwambatanishe ile ya kukubaliwa, muombe mitihani ya teremu afanye akirudi.

nyabo_Kisaasi
Kwani haiwezi kusogezwa miaka miwili? Amalize S6, mwezi wa kumi na mbili anakuwa huru, mpaka vyuo vinafunguliwa wa nane yuko nyumbani tu anapika posho. Mwezi wa saba huo hana shule wala mtihani, na hapo katikati anapata muda wote wa kujifunza kusoma nota. Mimi naona mnakimbilia.

Mzee_wa_Bendi
Nafasi imekuja sasa na hela za kanisa ziko sasa. Hela za kanisa miaka miwili zinakuwa paa.

Hajji_Bombo
Mzee kasema kweli 😂 lakini wazo la nyabo si baya. Waulizeni kama nafasi inaweza kuahirishwa, kuuliza ni bure.

tikiti_na_viza
Viza sasa. Ni wiki 5 tu, muombe ya utalii, haraka na rahisi.

Aliyefika_Boylston
HAPANA @tikiti_na_viza usimpoteze mtoto wa watu. Ya utalii inaruhusu masomo mepesi ya kujifurahisha chini ya saa 18 kwa wiki. Programu hizi ni asubuhi mpaka usiku. Kama wamewatumia fomu ya I-20, maana yake ni F-1, viza ya mwanafunzi. Anti angalia imeili zote, hata kwenye kapu la takataka.

AntiWaWalukuba
I-20 ipo, ilikuja wiki iliyopita na nilidhani ni risiti.

Aliyefika_Boylston
Itunze kama dhahabu. Unalipia SEVIS, ada ya kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni, dola 350, halafu ada ya viza dola 185, zote hizi haurudishiwi, kwa pamoja inakaribia milioni mbili za kwetu, kwa hiyo waambieni watu wa kanisa waiingize kwenye bajeti, wengi wanahesabu karo na tiketi tu. Unajaza DS-160, fomu ya maombi ya viza ya mtandaoni, unapanga siku ya mahojiano ubalozi wa Marekani, Nsambya. Panga MAPEMA. Na kuingia Marekani kwa F-1 ni ndani ya siku 30 kabla ya programu kuanza, si zaidi, msimpeleke mapema akakae kwa shemeji.

boda_ya_Malaba
Mpwa wangu alinyimwa, ubalozi fulani nchi fulani. Alikuwa na kila karatasi. Akaulizwa unaenda kufanya nini, akasema "kutimiza ndoto zangu". Basi. Mwambieni kijana aseme naenda kusoma kinanda wiki 5, shule yangu ni hii, tarehe fulani narudi darasani S5. Barua ya hedimasta ya Hajji itasaidia hapo pia, inaonyesha ana kitu cha kurudia.

Hajji_Bombo
Umeona. Kila kitu kinaanzia kwa hedimasta.

FundiWaNebbi
Kuhusu mizigo. Adungu ndogo ya nyuzi 9 inatosha, ile kubwa ya besi asijaribu. Alegeze nyuzi kabla ya ndege, shingo inaweza kutolewa kwenye boksi, afunge kila kipande kwa nguo. Nyuzi siku hizi ni zile za kuvulia samaki, za nailoni, abebe rola nzima maana zinaweza kukatika. Ngozi ya adungu ni ya ng'ombe, ahakikishe imekauka na ni safi, na aitaje kwenye fomu ya forodha.

Amadinda_Addict
Na asije akashawishiwa na mtu abebe ndingidi au endongo, vile vyombo vya nyuzi, ya zawadi kwa walimu bila kuuliza ngozi yake. Nyingi zinawambwa ngozi ya kenge, na ile ngoma ndefu ya engalabi pia. Kenge yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa kulinda wanyama na mimea, bila kibali cha kutoa nje kinachukuliwa uwanjani, na huko Marekani wanauliza. Nimeona endongo nzuri sana ikibaki mezani kwa watu wa forodha, mwenye nayo analia.

Mzee_wa_Bendi
Klarineti nazo zilisumbua miaka ile. Mti wake ni mpingo, wa hapa jirani Tanzania na Msumbiji, na 2017 jamii yote ya miti hiyo iliwekwa kwenye masharti hayohayo ya CITES. Watu wa okestra walikuwa wanasafiri na makaratasi mengi ya klarineti kuliko ya kwao wenyewe.

Aliyefika_Boylston
Hilo lililegezwa mzee, tangu mwisho wa 2019 chombo cha muziki kilichokamilika cha mti huo hakihitaji tena kibali. Kenge bado.

tikiti_na_viza
Na kinanda chake abebe?

KinandaBoy256
Aache. Huko piano zipo. Umeme wao ni volti 120, wa kwetu 240, aangalie tu chaja ya simu na laptopu imeandikwa 100 mpaka 240, zile plagi bapa atanunua Kampala. Hedifoni nzuri abebe. Na anti tunasubiri majibu ya E flati!!

AntiWaWalukuba
Haya, nimekaa naye jana na mwalimu akiwepo. Transpozi tulizima. E flati alipotea kidogo, halafu baada ya dakika chache akazipata zote kwa kusikiliza, akaanza kutabasamu. Makofi kama alivyosema mzee alipiga sawasawa kabisa, mwalimu alimwandikia midundo migumu. Kisha mwalimu akafunika mstari wa chini kwa daftari, kijana akasoma mkono wa kulia polepole lakini alisoma. Akafunua wa chini akafunika wa juu: hakuna kitu, kimya. Macho tunapima wiki ijayo.

MwlSolfa_Mbale
Ufunguo wa besi! Kanisani mkono wa kushoto ni kupiga mzizi wa kodi tu, anausikia kwa mpiga gitaa la besi. Hajawahi kuhitaji kuusoma. Aimbe sauti ya nne ya kwaya kutoka kitabu cha nyimbo chenye nota, kila siku wimbo mmoja, aimbe kabla ya kupiga.

KinandaBoy256
Si besi. Angalieni vizuri alichoandika anti: E flati alizipata "kwa kusikiliza". Huyu akisikia kitu mara moja anacho. Sasa mtu wa hivyo macho yatafanya kazi lini? Hajawahi kuyahitaji. Mkono wa kulia nahisi alisoma nota tatu za kwanza, zilizobaki alizikisia kwa sikio, na kwa kuwa melodi inakisika tukadhani anasoma. Besi haikisiki kirahisi, ndiyo maana ikamshika. Jaribuni kitu kisichokuwa na wimbo, nota zimerukaruka ovyo, muone na huo wa kulia.

Mama_Grade8
Hiyo nayo ni kweli. Mwanangu wa pili alikuwa hivyo, mwalimu alikataa kabisa kumpigia mfano. Kabisa. Alilia wiki nzima.

Amadinda_Addict
Lakini mnataka kuua kilicho kizuri ili kupata kile cha kawaida. Angalieni Justinian Tamusuza, mtunzi wa hapa Uganda, aliandika kwa violini na chelo muziki ambao ndani yake ni amadinda tupu, Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapigaji wanne wa nyuzi, wakaurekodi, ukatoka 1992. Yule alikuwa na vyote viwili. Msimfundishe kijana kuona aibu na sikio.

Mzee_wa_Bendi
Hakuna aliyesema aibu. Nimesema asisimame.

nyabo_Kisaasi
Mimi bado nasema ni uoga. Mtoto kakaa mbele ya mwalimu, anti yake kakaa pembeni na simu anaandika matokeo kwa ajili ya jukwaa zima. Hata mimi ningesahau mkono wa kushoto.

AntiWaWalukuba
😂😂 simu niliificha.

Aliyefika_Boylston
Ya kufanya kwa sababu zozote zile: MuseScore, programu ya kuandika nota, ni bure, aweke kwenye laptopu, aandike mwenyewe kile anachopiga kanisani. Kuandika kunafundisha kusoma haraka kuliko kusoma. IMSLP, maktaba ya mtandaoni, ina nota za wazee wa zamani bure kabisa, apakue usiku bando likiwa rahisi, kila siku ukurasa mpya, apige mara moja mwanzo mpaka mwisho polepole kuliko anavyodhani inahitajika, na asiurudie. Halafu bluzi ya bari 12 kwenye F na B flati, hilo wataliomba siku ya kwanza hakika, na metronomu aiweke ilie kwenye pigo la pili na la nne. Alama za kodi azijue kwa macho, meja 7, maina 7, dominanti. Na asiache kulala: saa tisa alasiri ya Boston ni saa nne usiku Jinja, siku ya kupimwa mwili wake utakuwa unatafuta kitanda. Afike angalau siku mbili kabla kama wanaruhusu.

boda_ya_Malaba
Swali langu ni moja, atarudi?

Hajji_Bombo
Atarudi, S6 inamsubiri na hedimasta ana saini yangu.

KinandaBoy256
Akirudi anakuja na jazi, anatuambia kanisani tunapiga kodi za watoto. Nawajua. Mmoja alirudi akaanza kuweka kodi za ajabu kwenye wimbo wa sadaka, kwaya ikashindwa kuingia, mchungaji akaomba mnyamavu arudi kwenye kinanda.

Mzee_wa_Bendi
Jazi si mgeni hapa. Moses Matovu wa Afrigo anapuliza saksafoni tangu 1975 bendi inaanza na watu wanacheza. Shida ni huyo kijana wenu kusahau kwamba waumini wanaimba.

FundiWaNebbi
Anti ile adungu nitampa bei ya ndugu. Mtumie mtu Pakwach stendi ya basi, nitaileta mwenyewe.

AntiWaWalukuba
Nashukuru sana fundi, nakutumia ujumbe pembeni. @KinandaBoy256 mwalimu amekubali ile ya nota zilizorukaruka, kesho.

mtoto_wa_Kasese
Habari zenu, uzi mzuri. Mimi binti yangu ana miaka 11 anapiga tarumbeta bendi ya shule na anasoma nota vizuri, hizo za Berklee anaweza kuomba?

Aliyefika_Boylston
Ile inaanzia miaka 15. Kwa umri huo angalia Interlochen, Michigan, ni kambi ya tangu 1928, wanapokea hata wa praimari, ila wote wanavaa sare na usiku kuna baridi, abebe sweta.

mtoto_wa_Kasese
Sweta anazo, tunakaa chini ya Rwenzori. Na mdomo wa tarumbeta ukibadilika meno yakiota unafanyaje?

Mzee_wa_Bendi
Hilo ni refu. Fungua uzi wako nije.